Hadithi fupi hufa mwandishi anapowanyang'anya wahusika kauli na vitendo

KILA aliyepitia shule ya upili humu nchini analijua swali la dondoo. Unapewa kauli ya mhusika, mstari mmoja au miwili, kisha unaulizwa muktadha wake. Msemaji ni nani? Anamwambia nani? Wako wapi? Kwa nini anasema hivyo? Alama nne hizo, na kama ulikisoma kitabu, huzikosi.

Sina ugomvi na swali lenyewe. Ugomvi wangu ni na namna tunavyolijibu. Hoja tatu za kwanza ni za kumbukumbu. Hoja ya nne ndiyo fasihi yenyewe, lakini darasani tunaipitia mbiombio: "Alisema hivi kuonyesha kwamba alikuwa na hasira." Hebu tuulizane, ni nani duniani hufungua kinywa ili kuonyesha kwamba ana hasira? Mtu husema kwa sababu anataka kitu. Anataka aaminiwe, asamehewe, alipwe, aachwe alale, au mgeni ainuke aende kwao.

Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa kauli ni lebo ya hisia, siku atakapoketi kuandika hadithi yake mwenyewe, ataandika lebo. Atatuambia kuwa Juma alikuwa na hasira, Amina alikuwa na huzuni, na mwenye nyumba alikuwa katili. Hatamwacha Juma afanye lolote. Hatamwacha Amina aseme neno. Ndiyo sababu hadithi fupi nyingi, za shuleni na hata zilizochapishwa, husomeka kama ripoti ya chifu: mambo yote yamo, lakini watu hawamo.

Dai langu leo ni hili. Katika hadithi fupi, vitendo na mazungumzo si mapambo yanayoongezwa baada ya maudhui kukamilika. Ndivyo vinavyobeba maudhui. Mwandishi anapovipokonya wahusika na kutueleza mwenyewe, maudhui yanabaki lakini hadithi inakufa.

Jambo hili si geni kwetu. Fanani wa ngano alilijua zamani. Baada ya paukwa na pakawa, alipofika penye fisi sauti ilikwaruza; alipofika penye sungura ikawa nyembamba na ya haraka. Hakutwambia kwamba fisi ana tamaa. Alimleta fisi kwenye njia panda, akamnusisha harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akamfanya atie mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka msamba. Methali ya njia mbili zilizomshinda fisi imebaki vinywani mwetu kwa sababu nyuma yake kuna kitendo tunachokiona. Hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa maana ya tamaa.

Lakini fanani alikuwa na mikono, macho na koo. Mwandishi hana. Akiiweka hadithi kwenye karatasi, ananyimwa zana zote hizo kwa mpigo. Kinachomsalia badala ya koo la fanani ni alama za mtajo, na badala ya mikono yake ni vitenzi. Akivitupa hivyo viwili, amebaki na nini?

Tuuchukue mfano ulio karibu. *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, diwani iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka wa 2016, ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Sasa imeondoka kwenye orodha ya vitabu teule. Ni wakati mzuri wa kuisoma upya, kwa kuwa hakuna anayetusimamia na saa mkononi.

Hadithi inayoipa diwani jina ni ya Said Ahmed Mohamed. Maudhui yake tunayafahamu: unyakuzi wa ardhi ya maskini. Mwandishi mwingine angetupa aya tatu kuhusu mabwanyenye na ulafi wao. Said Ahmed Mohamed anafanya nini? Analeta jitu moja kubwa katika mkahawa wa Mzee Mago, kule Madongoporomoka. Linataka chakula. Linakula kilichopo chote. Linapomaliza linaahidi kurudi kesho yake kula maradufu. Kisha mabuldoza yanafika.

Tazama hesabu ya kitendo hicho. Mtu anakula. Hakuna jambo la kawaida zaidi ya mtu kula mkahawani, na mwenye mkahawa anatakiwa kufurahi kwa kupata mteja wa namna hiyo. Lakini kila sufuria inayomalizwa inatusogeza karibu na jambo ambalo halijatajwa. Ile ahadi ya kurudi kesho ni kauli ya mteja, na papo hapo ni tishio. Maneno ni yaleyale, kazi zake ni mbili. Mabuldoza yanapokuja hatuhitaji mtu wa kutufafanulia ishara, kwa sababu tumbo tumeshaliona likifanya kazi.

Chukua sasa "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho. Anwani yenyewe ni kauli ya mtoto. Wazazi wa Safia, Bwana Masudi na Bi Hamida, wana mazungumzo marefu ya kumsifu binti yao kwa adabu na bidii ya masomo. Sifa hizo ni mazungumzo, lakini pia ni pazia. Kadiri wanavyoongea ndivyo wanavyozidi kutoona. Shoga wa Safia anaingia na kutoka chumbani akiwa ndani ya buibui, na anayeona ndevu ni mdogo wake Safia, asiye na sababu ya kujidanganya. Maneno machache ya mtoto yanabomoa ukuta ambao wazazi wameujenga kwa maneno mengi. Hadithi inaishia kwa Safia kupoteza maisha kwa kujaribu kuavya mimba. Mwandishi angeweza kuandika kwamba wazazi wengine huwaamini watoto wao kupita kiasi. Angekuwa amesema kweli, nasi tungekuwa tumesahau kabla ya kufunga kitabu.

Katika "Masharti ya Kisasa", ya Chokocho pia, wivu wa Dadi kwa mkewe Kidawa hauelezwi tu, unapanda juu. Dadi, mchuuzi wa samaki aliyekubali masharti ya ndoa ya kisasa, anakwea achungulie dirishani, na anaanguka. Wivu umepewa mikono na miguu. Anguko lake ni la mwili na la heshima kwa wakati mmoja, na msomaji hajui acheke au ahuzunike. Hapo ndipo hadithi inapopata uhai wake.

Diwani hiyohiyo ina upande wa pili wa jambo hili. "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad ni hadithi ya mazungumzo, na Sasa na Mbura wanaopakua na kula kwenye sherehe ya Mzee Mambo ni wahusika wa kuchekesha kwelikweli. Wakiwa wanakula na kutaniana, hadithi inapaa: sherehe ya mali ya umma kwa sababu mtoto ameota meno na mwingine ameingia shule ya chekechea! Kitendo kinatosha. Lakini kuna mahali ambapo wahusika hawa wanaanza kuijua maana ya hadithi yao kupita kiasi. Wanazungumzia madhara ya kula kana kwamba wamekaa kwenye jopo la kuihakiki. Mlafi anayejichambua vizuri hivyo si mlafi tena. Ni msemaji wa mwandishi. Nasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa kejeli ya hadithi hii ni kali na haikuhitaji msaada huo.

Linganisha na "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda. Humo mna hotuba, lakini hotuba hizo zina mahali pake, maana tuko kwenye hafla ya kumuaga Mwalimu Mosi. Katika hafla watu huhutubu. Mosi anaposhikilia kwamba hata wanafunzi wake ambao hawakufua dafu wapewe nafasi ya kusema, swali la nani anaruhusiwa kuongea linageuka kuwa mgogoro wenyewe. Kumbe hotuba si dhambi. Dhambi ni mhusika kuhutubu jikoni, akimwambia mkewe wa miaka ishirini mambo ambayo mke huyo anayajua kuliko yeye.

Tuyaweke haya kwenye mizani. Hii hapa sentensi ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara katika insha na miswada:

"Omondi alikuwa na aibu kubwa kwa sababu alikuwa amefutwa kazi na hakutaka baba yake aliyemtembelea Nairobi ajue kuhusu umaskini wake."

Sarufi ni safi. Hakuna kosa la kupigia mstari. Sasa tuwape wahusika nafasi:

Mzee aliitazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo.

"Leo huendi kazini?"

"Leo tuko zamu ya jioni, Baba. Nikuongeze chai?"

"Na jana?"

Omondi aliinua birika. Halikuwa na kitu. Akaliinamisha juu ya kikombe cha babake vivyo hivyo, kisha akalirudisha mezani polepole.

"Huku sukari imepanda bei," akasema.

Mzee alitia mkono ndani ya koti, akatoa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne, akaiweka chini ya sahani.

"Mamako alisema nikununulie soda."

Neno aibu halimo. Neno umaskini halimo. Hakuna aliyekiri kufutwa kazi, na hakuna aliyesema kwamba amejua. Lakini baba amejua, mwana anajua kwamba baba amejua, na wote wawili wanashirikiana kuilinda heshima ya mwana. Huwezi kulipata hilo la mwisho katika ile sentensi ya kwanza hata ukiirefusha mara kumi. Tena yule mzee hakuwa na kazi yoyote katika sentensi ya kwanza. Alikuwa mtu wa kuogopwa tu. Alipopewa kauli tatu na kitendo kimoja, akawa mtu.

Angalia pia kwamba katika mazungumzo hayo hakuna anayejibu alichoulizwa. Swali kuhusu jana linajibiwa kwa birika. Habari ya sukari inajibiwa kwa noti. Mazungumzo yenye uhai huwa hivyo, kwa kuwa watu hupishana, hukwepa na hujibu lile lisiloulizwa. Ernest Hemingway alijenga hadithi nzima juu ya msingi huo mwaka wa 1927. Katika "Hills Like White Elephants", mwanamume na msichana wanasubiri treni kwenye kituo nchini Uhispania, wanakunywa na kuongea. Wanajadili kuavya mimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na neno lenyewe halitamkwi hata mara moja. Ukiiweka karibu na hadithi ya Safia, utaona njia mbili za kulifikia jambo lilelile: mmoja anaficha neno, mwingine anaficha ndevu.

Waandishi wa Kiswahili, zaidi ya hayo, wana zana ambazo lugha yao imewapa bure. Zana ya kwanza ni kiambishi *-ka-*. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi: vitendo vinasukumana kama mabehewa. Kinyume chake ni ule mtindo wa "alikuwa na" na "alikuwa mwenye", ambao husimamisha gari ili dereva atueleze mandhari. Chukua kalamu, upitie ukurasa wa kwanza wa hadithi yako, uhesabu "alikuwa". Zikizidi kumi, huyo mhusika wako ni picha ya ukutani.

Zana ya pili ni salamu na majina ya kuitana. Katika jamii zetu, salamu ni kitendo. Kijana akitoa shikamoo na mzee akanyamaza, au akajibu "umekuja" badala ya marahaba, kisa kimeshaanza. Mke aliyezoea kumwita mumewe Baba Zawadi akimwita siku moja kwa jina lake kamili, na mbele ya wageni, hatuhitaji kuambiwa kwamba mambo yameharibika. Majina haya hutuondolea pia mzigo wa "alisema", "alijibu" na "alidakia". Anayesema "mwanangu" na anayesema "Mama" hawawezi kuchanganywa.

Zana ya tatu ni vile vijineno vidogo tunavyovidharau: ati, eti, kumbe, si, basi, mbona, kwani. "Umeoa" ni habari. "Ati umeoa?" ni ugomvi. "Kumbe umeoa" ni moyo uliovunjika, na "si umeoa" ni mtu anayekukumbusha wajibu wako. Mwandishi anayeandika "alisema kwa mshangao" ilhali ana "kumbe" mfukoni anajisumbua bure.

Hapo ndipo tunapogusa donda linalowauma walimu wengi: mhusika azungumze Kiswahili gani? Mwanafunzi anaandika hadithi kuhusu mhudumu wa bodaboda wa Kawangware, naye mhudumu anamwambia abiria, "Tafadhali abiri pikipiki yangu ili tuanze safari." Mwalimu anatia alama ya vyema. Mwanafunzi mwingine anaandika, "Mathe, panda twende, mvua inakuja," na kalamu nyekundu inalizunguka neno *mathe*. Yupi kati yao ameandika hadithi?

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Shule ina wajibu wa kufunza lugha sanifu, na mtihani ni mtihani. Tukiruhusu kila kitu, baadhi ya wanafunzi watajaza Sheng kwenye kurasa zote kwa kisingizio cha uhalisia. Lakini tutofautishe kauli ya msimulizi na kauli ya mhusika. Msimulizi anaweza kubaki na Kiswahili chake safi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhusika ni mtu mwingine, mwenye kinywa chake. Kumsahihisha mhusika sarufi ni kama kumbadilishia mwigizaji nguo akiwa jukwaani.

Kipimo nacho kisisahaulike. Sheng huzeeka haraka kuliko maziwa. Msemo uliotamba miaka mitano iliyopita unamfanya mhusika wa leo aonekane mzee. Neno moja la mtaa, likiwekwa mahali pake, linatosha kumtambulisha msemaji. Kinachomtofautisha mtu zaidi ni urefu wa sentensi zake, anachokitaja kwanza na anachokikwepa. Tajiri na mlinzi wake wanaweza kuongea Kiswahili sanifu wote wawili, na bado tukawajua kwa sababu mmoja anaamuru na mwenzake anaomba radhi kabla ya kusema lolote.

Isije ikadhaniwa kwamba natetea hadithi isiyo na usimulizi. La hasha. Hadithi fupi ina kurasa chache, na miaka kumi ya ndoa haiwezi kuonyeshwa kikombe kwa kikombe. Usimulizi ndio unaoruka miaka, unaotupeleka kutoka kijijini hadi mjini kwa sentensi moja. Mwandishi hodari hufupisha yaliyo njiani na kusimama pale jambo linapogeuka. Makosa huanza anapofanya kinyume: anatupa mazungumzo ya ukurasa mzima ya watu wakijuliana hali, halafu siku baba anapomfukuza binti nyumbani, anatuambia kwa mstari mmoja kwamba "kulitokea mzozo mkali". Tulikuja kuuona mzozo huo. Tumefungiwa nje ya mlango tukisikia kelele.

Vilevile si kila kitendo kina uhai. Wahusika wa siku hizi wanavuta pumzi, wanakuna vichwa, wanafuta jasho na kutazama mbali, ukurasa baada ya ukurasa. Hivyo ni vitendo vya kupitishia wakati. Kitendo chenye uzito ni kile ambacho baada yake mambo hayawezi kurudi yalivyokuwa: noti imewekwa chini ya sahani, sufuria imemalizwa, mtu amepanda dirishani. Ukikiondoa na hadithi ikabaki vilevile, hakikuwa na kazi.

Kwa walimu wenzangu, kuna zoezi lisilogharimu senti. Siku mtakapofika kwenye dondoo, kabla ya kuuliza nani alimwambia nani, wasimamisheni wanafunzi wawili waisome kauli hiyo kwa sauti, mmoja akiwa msemaji na mwenzake msikilizaji. Kisha muulizeni msikilizaji: huyu anataka nini kwako? Utampa? Darasa litabishana, na katika ubishi huo hoja ya nne ya muktadha itajijibu yenyewe, tena kwa undani ambao hakuna mwongozo unaouza jibu lake.

Na wanafunzi hao wakiketi kuandika hadithi zao, wataanza na swali hilohilo. Mhusika wangu anataka nini kwa mtu aliye mbele yake, na atafanya nini akinyimwa?